Darasa la Jumamosi la programu za kompyuta limehamia Michenzani

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Ukumbi wa Kikwajuni una harusi Jumamosi, kwa hiyo tukutane Michenzani, pale pale tulipofuturu pamoja. Saa 10:30 alasiri, tukishasali.

1. Mchango ni shilingi 3,000 za bando na chai. Mpelekeeni mshika fedha kabla ya Alkhamisi usiku.

2. Kila mtu aje na msimbo wake wa Java (lugha ya kuandikia programu): klasi Chombo (klasi ni kiolezo cha kitu na sifa zake), na klasi Ngalawa na Boti zinazoirithi, yaani zinazochukua sifa zake.

Hapo kwenye urithi naomba mfikiri sana. Mkiweka injini ndani ya Chombo, Ngalawa nayo itairithi, ilhali yetu ni ya tanga. Wala Boti isirithi Injini: boti ni chombo, lakini boti ina injini. Injini iwe sehemu iliyomo ndani ya Boti. Tena Java huruhusu klasi kurithi klasi mzazi moja tu, basi nafasi hiyo msiitumie ovyo.

Tafadhalini andikeni NIPO au SIPO kabla ya Ijumaa adhuhuri. Mwenye laptopu ya ziada aseme, wapo wenzetu hawana.