Kipimo kikionya, nani atasimamisha kazi Kariakoo?

Ndugu Mhariri,

Tangu jengo liporomoke Kariakoo Novemba 16, 2024, kila wanapokutana watu wa ujenzi hakosi mmoja wa kusimama na kupendekeza majengo yafungwe vihisi vya kutuma taarifa kwenye simu ukuta ukianza kuinama. Ni wazo zuri. Mimi kazi yangu ni kupima udongo hapa Dar es Salaam, na vifaa hivyo navipenda. Wasiwasi wangu ni nani anazipokea hizo taarifa, na ana ubavu gani wa kufanya lolote.

Udongo wa Kariakoo kwa sehemu kubwa ni mchanga, na maji hayako mbali. Anayetaka stoo au fremu za chini ya ardhi huchimba huku anapampu maji. Akipampu ovyo, mchanga wa chini ya msingi wa jirani nao unafuata maji, na jirani pengine hana habari kuwa nyuma ya mabati yale kuna shimo. Ndiyo maana kando ya shimo huzikwa bomba wima, kipimo kikashushwa ndani kuonyesha udongo umesogea milimita ngapi. Kwenye nyufa kipo kifaa cha zamani ninachokiheshimu sana: kipande cha kioo kilichobandikwa kwa saruji juu ya ufa. Kikikatika, ukuta unatembea. Hakidai bando.

Vipimo peke yake havikuwaokoa watu Singapore. Aprili 20, 2004, shimo la reli ya chini ya ardhi lenye kina cha takriban mita 30 liliporomoka kando ya barabara ya Nicoll Highway, likaua wafanyakazi wanne. Vifaa vilikuwepo, tena vilishaonyesha kuta zimepinda kupita kiwango kilichokadiriwa. Wahusika walirudia mahesabu, wakapandisha kikomo, kazi ikaendelea. Hapa kwetu niliwahi kupeleka vipimo ofisi ya saiti, msimamizi akaniuliza kama siwezi kuvisoma upya Jumatatu, zege likishamwagwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa vibali ni hili. Anayechimba chini ya usawa wa msingi wa jirani aweke fedha za upimaji halmashauri kabla jembe halijagusa ardhi, ili msomaji wa vipimo asisubiri malipo kutoka kwa mkandarasi anayemkagua. Kikomo kiandikwe ndani ya kibali. Kikifikiwa, kazi isimame siku hiyo hiyo, na mtu yeyote wa saiti asiwe na kalamu ya kukibadilisha. Namba za kila siku zibandikwe kwenye uzio, pale pale panapowekwa kibao cha mradi, wenye fremu za jirani wazione. Watu wanaofuatilia makontena yao kutoka Guangzhou usiku wa manane hawatashindwa kusoma milimita.

Nimeshaambiwa hilo litazua taharuki. Mfanyabiashara akiona namba imepanda, akateremsha shata na kuwatoa wateja wake nje, hiyo taharuki ndiyo ninayoitaka.

Fundi sanifu wa udongo,
Ilala, Dar es Salaam