Aliyepigwa asikalishwe benchi moja na aliyempiga

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niulize kitu kinachonikera muda mrefu, hivi nani alitufundisha kwamba mwanamke akipigwa na mumewe ushauri ni kuwaita wote wawili, kuwaweka benchi moja mbele ya wazee, kila mtu aseme upande wake alafu waombane msamaha? Huku kwetu Kirumba ndo utaratibu, unaanzia kwa mshenga, ikishindikana kwa mjumbe, kwa mchungaji au shehe, mwisho kwa mtendaji. Mama wa watu jicho limevimba anaulizwa "sasa na wewe ulimjibuje?" na mume yuko pale pale anamtazama. Atasema nini? Atasema yameisha, maana jioni wanarudi nyumba moja.

Mtu atanijibu kwamba sheria yenyewe inatutaka tusuluhishe. Jamani, baraza la usuluhishi la ndoa lina kazi yake, ukitaka talaka mahakama itakuambia uanzie huko, sawa. Ila kumvunja mtu mkono sio kutoelewana, ni jinai, na Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Miaka yote hiyo na bado kuna wazee wanasema kofi moja la mapenzi halina shida.

Aliyeumizwa anatakiwa apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe, alafu apate mtu wa kuongea nae akiwa PEKE YAKE. Sio mara moja, mara nyingi, maana siku ya kwanza hawezi kusema yote, wengine wanafika wanacheka cheka tu kama hawajaumia. Na mshauri anayejua kazi hamwambii vumilia, wala hamwambii ondoka leo, anamsaidia kupanga, kwamba ikichafuka usiku unakimbilia kwa nani, vyeti na kadi za kliniki za watoto viko wapi, hela kidogo ya nauli anakutunzia nani. Hili wazee wetu hawalijui kabisa, kwamba siku mwanamke anayotangaza anaondoka ndo siku ya hatari kuliko zote, sasa wewe unamwambia atangaze mbele ya mume kwenye kikao!

Kwa bahati Mwanza sio kwamba hamna kitu. Kivulini, shirika la kutetea haki za wanawake, wapo hapa hapa tangu 1999, maafisa ustawi wa jamii wapo japo wachache na wamelemewa, na kuna utafiti mmoja unaitwa MAISHA ulifanyika jijini kwetu kwa wanawake wa vikundi vya mikopo, waliwapa mafunzo ya mahusiano na ukatili, matokeo ya 2019 yakaonyesha kupigwa kulipungua. Lakini mafunzo yale walikaa wanawake peke yao. Wapigaji walikuwa kazini kwao, yani ziwani.

Na hapo ndo nataka kufika, kwa huyu anayepiga. Sisi tunajua kumfokea, kumtoza faini ya mbuzi au kumweka ndani siku mbili, akitoka ni yule yule na hasira juu. Na hilo la hasira mimi silikubali sana. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, baharia anapunjwa mgao na tajiri wake mwenye mtumbwi, anasimama pale anasema sawa bosi, hamgusi hata kidole, akifika nyumbani chumvi imezidi kwenye mboga anavunja sufuria na mtu. Kumbe anaweza kujizuia, anachagua wa kumpiga. Kwa hiyo anatakiwa akalishwe na mtu wa kumuuliza hayo maswali taratibu na kwa muda mrefu, sio semina ya siku moja yenye soda.

Marekani kuna mji unaitwa Duluth, nao uko kando ya ziwa kubwa kama sisi, kuanzia 1981 waliweka mpango wa polisi, mahakama na mashirika kufanya kazi pamoja, wanaume waliopiga wanapelekwa kwenye vikundi wiki baada ya wiki, wakitoroka mahakama inajua. Wengine wanaukosoa kwamba haubadilishi wote, na ni kweli watu wengine hawabadiliki. Ila kuna jambo wamelipatia, ushauri haukufuta kesi na mke hakukalishwa humo. Kwetu mwanaume akisema tu "nimekubali ushauri" ndugu wanaenda kuomba kesi ifutwe.

Na wanaume wanaopigwa wapo, msicheke, wengine wanamwagiwa maji ya moto na wanasema wameangukia jiko kuliko kwenda dawatini. Nao wahudumiwe vile vile, peke yao.

Sasa ombi langu kwa halmashauri za Ilemela na Jiji la Mwanza. Sisi wa dagaa tunajua, giza likiwepo wanaume wako majini na karabai, mbalamwezi ikiingia mitumbwi inapumzika, mgao umetoka, pombe ipo, na hizo ndo siku tunazosikia kelele kwa majirani. Afisa ustawi anakuja mwaloni kwetu saa nne asubuhi kipindi cha giza, anakuta sisi wanawake tunaanika dagaa, anaandika mahudhurio anaondoka. Aje mbalamwezi. BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, wana ofisi na mabenchi, wanaume wapewe siku yao pale, na wanawake watafutiwe chumba kingine mbali na mwalo, zahanati ingefaa maana mtu akiingia zahanati hamna anayeuliza ameenda kufanya nini.

Mwanika dagaa,
Kirumba, Mwanza