Barua kwa vijana wa mtoni Jinja mnaotaka kumfuata mpenzi Ulaya

Wanangu wa mtoni,

Hii ni yenu nyie mnaoshusha wazungu kwenye Nile na rafti, zile boti za mpira, wa kayaki, na wale wa ngoma wanaocheza kwenye kambi za watalii jioni. Nimesikia wawili tayari mko na safari, mmoja anafuata msichana Ujerumani, mwingine Uingereza, na mama zenu wamekuja kwangu wanalia eti Senga, shangazi yao, waambie wasiende. Siwaambii hivyo. Nitaanzia wapi na mimi mwenyewe nilipanda ndege Entebbe mwaka 1987, miaka 23, nikimfuata mwanaume? Najua senga kazi yake ni kukaa na wasichana na wavulana mna wajomba zenu, lakini hao wajomba wa mtaani kwetu Walukuba hakuna hata mmoja aliyewahi kuanika nguo ikaganda kama ubao, kwa hiyo mtanivumilia.

Baba yangu alikuwa kiwanda cha nguo cha Nytil, mimi nilishona magomesi, yale magauni ya kina mama, tangu niko na miaka 15 na watu walikuwa wanatoka mpaka Iganga kunitafuta. Siku ya kuondoka nikauza cherehani. Nilisema si naenda kwa mume, cherehani ya nini tena? Banange, jamani.

Tulikaa mji mdogo karibu na Augsburg, Ujerumani. Mume hakuwa mbaya, msinielewe vibaya, ila alikuwa anatoka saa kumi na mbili asubuhi anarudi kumi na moja jioni na mimi nakaa dirishani nahesabu mabasi, Desemba saa kumi na nusu giza limeshaingia, jirani akinisalimia natabasamu tu kama mjinga kwa sababu lugha sina, na hela ya pedi namuomba yeye kama mtoto anayeomba ya daftari. Miaka miwili hivyo. Halafu bibi mmoja wa ghorofa ya chini akanipa cherehani yake ya Pfaff ya zamani ilikuwa inalala stoo, nikaanza kupunguza suruali za majirani, na ndiyo siku watu walianza kuniita jina langu, kabla ya hapo nilikuwa mke wa fulani. Ndoa ilikufa 1994. Cherehani ikanilisha miaka 7 mingine mpaka niliporudi.

Sasa wewe wa kayaki, kabla hujauliza nyumba ya huyo msichana iko na vyumba vingapi, uliza maji yako wapi. Pale Augsburg kuna mfereji unaitwa Eiskanal, ulijengwa kwa Olimpiki ya 1972, maji yanapita kwenye zege watu wanashindana humo, sio Nile lakini mtu wa kayaki hapo anaonekana. Kama yeye anakaa mbali na maji yoyote, huko utakuwa nani? Na usiseme utarudi tu mtoni, mto wenyewe nao unahama, maporomoko ya Bujagali mmeona yalivyozama kwa bwawa la umeme na bwawa la Isimba likafuata 2019.

Makaratasi nitapita haraka, lakini someni. Ile viza ya kutembea ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Ujerumani, ni siku 90 ndani ya 180 na hairuhusu kazi, msidanganyane kwamba utafika halafu utajua mbele. Kwenda kama mume au mke wa Mjerumani kwa kawaida wanataka cheti cha A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, kabla hujapewa viza, na masomo yapo Kampala pale Goethe-Zentrum. Mkiachana kabla ya kumaliza miaka 3 ya ndoa mkiishi kule kule, ruhusa yako ya kukaa inaweza kwenda na yeye, ingawa anayepigwa sheria inamlinda, asikae kimya akiogopa viza. Uingereza nako, tangu Aprili 2024, maombi mapya yanataka anayekuita awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka au akiba kubwa, kwa hiyo muulize mshahara wake bila aibu, sisi kwenye kwanjula, siku ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, si tunauliza mpaka ng'ombe?

Na kitu kingine mimi sikukifanya. Huyo mtu amekuona mtoni, umesimama nyuma ya rafti unapiga kelele na watu wanane wanakutii, umekuwa simba. Kule ataona mtu asiyejua kununua tiketi ya treni. Mwambie aje kwanza akae Walukuba mwezi mzima, masika, umeme umepotea, bila safari ya kuona twiga, ale posho, yaani ugali, na maharage kwa mama yako, muone mkikosa hela pamoja mnaongeaje. Akikataa hata kujaribu, wewe unajua.

Akija na mkaelewana, nendeni tu, mimi nitavaa gomesi nikawasindikize. Ila hela ya tiketi ya kurudi weka kwa akaunti yako mwenyewe, sio ya pamoja, na usimwambie hata mama.

Wewe wa Ujerumani, mama yako ameniambia unaondoka mwezi wa tisa. Jumamosi njoo nyumbani baada ya rafti ya asubuhi, nina kamusi ya zamani imetoka jalada lakini inasomeka, tutaanza na der, die, das. Chai ipo. Simu uiache kwa mlango.

Senga wenu