Wafula, mtoe huyo ngiri leo

Wafula ndugu yangu,

Habari za Gilgil, mama watoto aje, na wale vijana wako? Sisi huku Butula tuko salama, mvua imekubali, mahindi yamefika magotini, na mathe mguu umepona anaenda soko mwenyewe. Najua nimenyamaza tangu mazishi ya mjomba, utanigombeza tukionana. Sasa hivi nakuandikia usiku juu ya ile picha ulituma, huyo mtoto wa ngiri amepiga magoti anakula nyasi katikati ya nguruwe wako. Anapendeza kweli, Nekesa ameniomba nimwonyeshe mara tatu. Lakini tafadhali mtoe hapo. Usingoje wikendi.

Umeandika ati ako mzima, anakula, hana hata kikohozi, kwa hivyo hana ugonjwa. Si hapo ndipo shida iko? Homa ya nguruwe ya Afrika haimuui ngiri, anakaa nayo tu mwilini bila dalili, lakini wetu wa nyumbani ikiwashika karibu wote wanaenda. Na si kitu kimetoka nje juzi, mara ya kwanza kuelezwa na daktari wa mifugo ilikuwa hapa hapa Kenya, 1921, nguruwe wa masetla.

Na kinachonikosesha usingizi hata si yeye, ni lile shimo. Ulisema wewe na kijana wa shemeji mlimvuta kutoka shimoni. Kwa hayo mashimo ya ngiri kuna kupe fulani, si hawa wa ng'ombe unaona wamefura wamening'inia sikioni. Hawa wanauma usiku, wakishiba wanaachia wanarudi kwa nyufa, asubuhi ukiangalia nguruwe hupati kitu. Na wanakaa miaka wakiwa na hivyo virusi. Sasa mmoja akiwa alikuja na huyo mtoto, ama kwa ile gunia mlimbebea, akaingia kwa lile banda lako la mbao, Wafula, utamtafuta wapi?

Homa iliyomaliza nguruwe wangu haikutoka kwa ngiri, huku kwetu sijawahi hata kumwona. Niliazima dume kwa mtu, nikarudisha, basi. Baada ya kama siku nane yule nguruwe wangu jike akakataa chakula, nikadhani ni joto, nikammwagia maji. Kesho yake masikio yamekuwa mekundu, kufika jioni yamegeuka rangi ya zambarau, akisimama miguu ya nyuma inapishana. Asubuhi ya siku ya nne nikampata amelala na vitoto vinanyonya. Vinanyonya mama amekufa. Nikabaki pale na ndoo ya pumba mkononi sijui niimwage wapi. Wiki mbili hazikuisha banda likawa tupu, na karo ya Nekesa ilikuwa imesimama hapo. Daktari alisema hapa kwetu hakuna chanjo wala sindano ya kutibu, nichimbe shimo refu. Watu walikuja usiku wakitaka niwauzie ile nyama bei ya chini, nikakataa, mtu haimdhuru lakini virusi hukaa ndani ya nyama miezi, makombo yakitupwa ni nguruwe wa jirani watakula.

Ile video ulituma ya wazungu wanafuga nguruwe mwitu wao niliiona. Yule si ngiri, ni wa jamii moja kabisa na hawa wetu wa nyumbani, homa hii inamuua pia. Na hata huko mtu hajifugii tu, Uingereza iko na sheria ya wanyama hatari ya 1976, lazima laiseni na ua wa maana, na bado wengine walitoroka wakazaana msituni. Kwetu mnyamapori bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kesi, sheria ya 2013 iko wazi. Wapigie wewe mwenyewe kabla jirani hajakupigia. Ukitaka kitu cha porini, omba kibali cha kanga ama kware, hapo nitakusaidia hata kujenga.

Mtenge kwanza mbali, hizo nyasi walizolalia choma, nyufa ziba na simiti, na usitoke kwake uingie kwa hao wengine na viatu vile vile. Alafu zungushia waya chini kabisa, ngiri wengine wasije usiku.

Sasa niambie, amelala nao siku ngapi? Kuna mmoja amekataa chakula, hata kidogo? Masikio umeangalia, umeyashika kama yana joto? Kuna mtu umemuuzia nguruwe wiki hii, ama kumwazima dume? Kama bado, usitoe hata mmoja mpaka zipite kama wiki tatu. Na mama watoto anasema nini? Nijibu usiku huu huu, simu iko wazi.

Ni mimi,
Baba Nekesa