Barua kutoka Thessaloniki: mkuki wa dhiraa 14 na mwisho wa wafalme wa Makedonia

Thessaloniki, Ugiriki

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto, na mama umpe shikamoo yangu. Huku sote wazima, baridi ndiyo inaanza kulegea. Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata, ule wa swali la wanafunzi wako: Warumi walikuwa na silaha gani hata wakawaangusha wafalme wa Makedonia, ilhali jeshi lile ndilo lililofika mpaka India? Nikaona kwenye simu halitatosha.

Kwanza wasahihishe jambo moja. Waliopigana na Roma hawakuwa kizazi cha Alexander Mkuu, yule mfalme aliyelifikisha jeshi India. Yeye alikufa mwaka 323 KK, na haikuchukua muda ukoo wake ukafutika. Philip V, aliyetawala kuanzia 221 hadi 179 KK, na mwanawe Perseus aliyemfuata mpaka 168 KK, walikuwa wa ukoo wa Antigonos, mmoja wa majemadari wa Alexander. Walichorithi kwa Alexander ni kiti, sifa na mkuki.

Mkuki wenyewe unaitwa sarisa. Polybius, Mgiriki aliyeishi wakati huohuo na aliyezijua vita kwa undani, anasema katika siku zake ulikuwa na dhiraa 14, yaani mita 6 na kidogo. Upondo wa dau haufui dafu hapo. Unashikwa kwa mikono miwili, na kitakoni una chuma kizito cha kuusawazisha. Dhiraa 4 zinaishia mikononi na nyuma ya askari, dhiraa 10 zinatangulia mbele yake. Ngao yake ni ndogo, imening'inizwa kwa mkanda, maana viganja vyote viwili vina kazi.

Kikosi hujipanga safu 16 kwenda nyuma, na kila askari huchukua futi 3, sawa na dhiraa 2. Sasa piga hesabu. Mkuki wa safu ya kwanza unatokeza dhiraa 10 mbele ya mtu wa kwanza, wa safu ya pili 8, wa tatu 6, wa nne 4, wa tano 2. Safu 11 zilizobaki hazimfikii adui. Wao huinamisha mikuki juu ya mabega ya wenzao ili ikinge vitu vinavyorushwa, na husukuma kwa uzito wa miili. Aliye mbele hata akitaka kurudi hana pa kupita. Mpango huu ndio falanksi.

Mrumi naye ana mkuki wa kurusha, upanga mfupi na ngao kubwa ya kumfunika mwili. Ili aweze kuuzungusha upanga na kuihamisha ngao, anahitaji futi 3 za ziada kati yake na jirani yake. Kwa hiyo mbele ya Mrumi mmoja wanasimama Wamakedonia wawili, na kila mmoja analeta ncha 5. Jumla 10. Polybius anakiri waziwazi kwamba uso kwa uso, mahali tambarare, falanksi haizuiliki. Basi hilo la silaha bora liweke kando.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye “mahali tambarare”. Ukitaka vijana wako waelewe, watoe nje. Tafuta mianzi 25 ya mita 6, uifunge vitambaa kwenye ncha wasije wakatoboana macho, na kitakoni ufunge kimfuko cha mchanga, la sivyo ncha zitalala chini kwa uzito na mikono itachoka kabla hujaanza. Wapange watano kwa watano, sentimita 90 kati ya safu na safu. Mkono wa kushoto ushike kama mita 1.8 kutoka kitakoni. Hatua 20 kwenye uwanja wa mpira wataenda vizuri na watajiona mashujaa. Halafu wapitishe penye kichuguu au mtaro. Wa katikati watapunguza mwendo, wa pembeni wataendelea, ncha zitapanda na kushuka, na mwanya utafunguka. Hapo mruhusu kijana mmoja mwenye sinia na fimbo fupi aingie kwenye mwanya. Akishapita ncha, mwanzi wa mita 6 hauna faida yoyote. Mwisho waamuru wote wageuke kulia kwa pamoja, uone mianzi inavyosukana. Wakimaliza kucheka somo litakuwa limeingia.

Hayo ndiyo yaliyotokea Cynoscephalae mwaka 197 KK. Jina hilo maana yake ni “vichwa vya mbwa”, ni vilima vya Thessaly, kusini ya Makedonia. Kulikuwa na ukungu, na vita vilianza kwa vikosi vya mbele kugongana bila kutarajia, si mahali wala siku aliyoichagua Philip. Bawa lake la kulia lilifika juu ya kilima, likajipanga, likawateremsha Warumi kwa nguvu. Lakini bawa la kushoto lilikuwa bado linapanda likiwa katika mwendo wa safari, halijajipanga. Jemadari wa Kirumi, Titus Quinctius Flamininus, akaacha upande wake unaoshindwa akaenda kuupiga ule usiokuwa tayari, tembo wakitangulia. Ukavunjika. Kisha ofisa mmoja ambaye hata jina lake halikuandikwa akachukua vikosi vidogo 20, akawazungusha, akalipiga lile bawa lililokuwa linashinda, kutokea mgongoni. Mwenye sarisa hawezi kugeuka. Wamakedonia wakainua mikuki juu, ambayo kwao ni ishara ya kusalimu amri. Warumi hawakuijua ishara hiyo, wakaendelea kuchinja. Polybius anataja Wamakedonia 8,000 waliouawa na 5,000 waliotekwa, dhidi ya Warumi 700.

Angalia hapo ni nani aliyeamua. Siyo jemadari mkuu. Vikosi vya Kirumi vilikuwa vidogo, kila kimoja na viongozi wake, na ofisa wa ngazi ya kati aliweza kuona nafasi na kuitumia bila kusubiri amri. Falanksi ilikuwa mwili mmoja wenye kichwa kimoja, na kichwa hicho, yaani mfalme, kilikuwa upande wa pili wa kilima.

Masharti ya amani yalikuwa ya akili sana. Philip aachie miji yote ya Wagiriki, akabidhi manowari zake isipokuwa chache, alipe talanta 1,000, nusu papo hapo na nusu kwa miaka 10, na mwanawe Demetrius aende Roma kama dhamana. Talanta moja ni kama kilo 26 za fedha, kwa hiyo ni tani 26. Mwaka uliofuata Flamininus akatangaza kwenye michezo ya Isthmia kwamba Wagiriki wako huru, na mwaka 194 KK majeshi ya Roma yakaondoka kabisa. Ukiniuliza mimi, wakati huo Warumi hawakuwa na hamu ya kutawala Ugiriki. Walitaka jirani asiye na meno, maana hawakusahau kwamba mwaka 215 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago na adui mkubwa wa Roma, alipokuwa ndani ya Italia, Philip alifunga naye mkataba.

Tatizo ni kwamba meno yaliota tena. Philip alifungua upya migodi ya zamani, akaongeza kodi, akahamishia watu wa Thrace, nchi jirani upande wa mashariki, kwenye ardhi yake na kuwahimiza raia wazae. Perseus alipoingia vitani mwaka 171 KK alikuwa na askari 43,000, na mwaka huo huo akawashinda Warumi katika pambano la farasi huko Thessaly.

Hazina ilikuwa imejaa, na hapo ndipo alipoharibu. Gentius, mfalme wa Illyria, nchi jirani upande wa magharibi, aliahidiwa talanta 300 ili aingie vitani. Perseus akampelekea 10 tu za kutangulia. Gentius, kwa kuamini kwamba zilizobaki ziko njiani, akawatia kizuizini mabalozi wa Roma, na Perseus alipoona mwenzake hawezi tena kurudi nyuma, hakutuma kitu. Roma ikammaliza Gentius ndani ya siku 30. Kabla ya hapo walikuja mamluki 20,000 kutoka upande wa mto Danube, nusu yao wapanda farasi. Wakataka malipo yao mkononi, wakanyimwa, wakarudi kwao. Fedha hizo zote zilikuja kupitishwa mitaani Roma kama ngawira. Sifa hii ya ubahili lakini uipokee kwa tahadhari kidogo, maana walioandika walikuwa upande wa washindi, na Polybius mwenyewe alikuwa mmoja wa Wagiriki 1,000 waliopelekwa Italia kama dhamana.

Pydna iko kusini ya hapa, karibu na mji wa Katerini. Usiku wa tarehe 21 Juni 168 KK mwezi ulipatwa, na kesho yake wakapigana. Uwanja ulikuwa tambarare, falanksi ikaanza kama inavyotakiwa. Warumi na washirika wao walijaribu kuikata sarisa kwa panga, kuisukuma kwa ngao, wengine kuikamata kwa mikono, wakatobolewa pamoja na ngao zao. Jemadari Aemilius Paullus alisema baadaye hajawahi kuona kitu cha kutisha kama kile. Lakini kadiri falanksi ilivyowafukuza kuelekea miinuko, mstari ukaanza kupinda, huku mbele, kule nyuma. Paullus akaamuru vikosi vijitenge, kila kimoja kiingie kwenye mwanya kilichouona. Ndani ya saa moja hivi mambo yalikwisha, Wamakedonia kama 20,000 wakiwa wamekufa. Wapanda farasi wa Perseus waliondoka karibu wote wazima, na yeye akiwa nao.

Sasa hapa ndipo vitabu vya shule hufunga ukurasa, na mimi naona ndipo pa kufungulia. Mfalme anaweza kushindwa vitani akarudi, Philip alirudi. Kilichoimaliza Makedonia ni karatasi za mwaka 167 KK. Nchi ilikatwa mapande manne, makao yake Amphipolis, Thessalonica, Pella na Pelagonia. Mtu wa pande moja asioe wala asiolewe upande mwingine, asimiliki shamba wala nyumba huko. Migodi ya dhahabu na ya fedha ifungwe, ya chuma na shaba iendelee. Miti ya kuundia meli isikatwe. Chumvi ya kutoka nje isitumike. Kodi iwe nusu ya ile waliyomlipa mfalme, yaani talanta 100 kwa mwaka, na kwa hilo mwananchi wa kawaida angeona amepata nafuu. Halafu kipengele kilichokata mizizi: wote waliokuwa marafiki na maofisa wa mfalme, pamoja na watoto wao wa kiume waliozidi miaka 15, waende Italia. Nchi ikabaki bila mtu hata mmoja anayejua kuiendesha.

Wakristo darasani kwako watakifurahia hiki: Matendo 16:12 inapoutaja Filipi kuwa mji wa sehemu fulani ya Makedonia, neno la Kigiriki lililotumika ni meris, lilelile la mapande haya, zaidi ya miaka 200 baadaye. Hata sarafu zilitajwa hivyo. Ile ya fedha ya pande la kwanza ina uzito wa kama gramu 17. Upande mmoja ni kichwa cha Artemis, mungu wa kike wa Wagiriki, katikati ya ngao ya Kimakedonia, upande wa pili rungu ndani ya taji la majani ya mwaloni, na maandishi yanasema tu “ya Wamakedonia wa pande la kwanza”. Jina la mfalme halipo.

Kasoro ya mpango huo ni kwamba Roma iliondoka tena bila kuacha jeshi. Mapande matatu yanayopakana na makabila ya nje yaliruhusiwa askari wa mipakani tu, la Pella halikupewa hata hao. Ndipo mwaka 149 KK akatokea mtu aitwaye Andriscus, akadai yeye ni Philip mwana wa Perseus, akaingia na askari kutoka Thrace. Hakuna wa kumzuia. Alimuua hata jemadari wa Kirumi aliyetumwa kumkamata. Mwaka 148 KK Quintus Caecilius Metellus akamshinda, na safari hii Warumi hawakuondoka: Makedonia ikawa jimbo lenye liwali, na barabara ikaanza kujengwa kutoka pwani ya Adriatiki mpaka mto Hebros, maili 535 za Kirumi. Jiwe moja la maili limo kwenye makumbusho ya hapa. Lina jina la liwali Gnaeus Egnatius kwa Kilatini na kwa Kigiriki, na namba 260 imeandikwa kwa lugha zote mbili ili asiwepo wa kusingizia hakuelewa. Barabara kuu ya mji huu bado inaitwa Egnatia.

Perseus alifia kifungoni Alba Fucens, huko Italia ya kati. Mwanawe mmoja alibaki hai, naye aliitwa Alexander. Alijifunza ufundi wa vyuma vidogo vidogo, akajua kuandika na kuzungumza Kilatini vizuri, akapata kazi ya ukarani kwa mahakimu wa Kirumi. Inasemekana alikuwa karani mzuri.

Picha za sarafu na za lile jiwe nitakutumia jioni, uhakikishe una bando. Watoto wabusu, na wifi mwambie kitambaa chake sijakisahau. Mianzi ukiikosa ya mita 6, unga miwili kwa kamba ya mnazi, lakini ufunge karibu na kitakoni, ukifunga katikati itapinda.

Dada yako