Kwako mdogo wangu, kuhusu yule twiga

Mdogo wangu, marhaba. Salamu ulizompa mama zimenifikia.

Yule twiga uliyemchora kwenye picha yako ya msitu wa Rau, kule Moshi, sijamsahau. Msitu ule una mvule, una mbega, una chemchemi. Twiga anatoka wapi? Hilo ningelimeza. Kosa lako ni rangi. Njano uliikamua kwenye tyubu ukaipachika vilevile katikati ya kijani kilichofifia, jicho likaenda pale na halikurudi kwenye miti. Utulivu wa msitu hauletwi na miti. Unaletwa na mwanga na giza kukaribiana, halafu upenyo mmoja tu wa mwanga. Mmoja!

Kijani cha tyubu usikipake peke yake. Chukua bluu nzito sehemu mbili, njano ya udongo moja, kisha kahawia nyekundu kwa ncha ya kisu ili kukizima. Miti ya mbali iongezee nyeupe na bluu, kingo zake uzifute kwa brashi kavu rangi ikiwa mbichi. Mashina yasipangwe kama nguzo za umeme: mawili yasogeleane, la tatu lijitenge. Tabaka la chini lipunguze kwa tapentaini, mafuta uyaongeze kadiri unavyopanda. Ukigeuza, la juu litatangulia kukauka na picha itapasuka.

Najua utanitolea mchoraji Shishkin wa Urusi, na dubu wake wa mwaka 1889 kwenye msitu wa misonobari. Sawa, lakini dubu wale wana rangi ya gogo walilopanda, tena ndiko kwao. Na aliyewachora ni mwenzake Savitsky, ambaye sahihi yake ilifutwa na Tretyakov, mwenye kuinunua picha.

Kumkwangua twiga wako kwa kisu mbele ya mteja, ukoo mzima umeshanisema. Lakini rangi ilikuwa ya jana yake. Ningengoja ikauke, kisu kingechana turubai. Hiyo njano iliyobaki kwenye shina la mvule si uzembe wangu: ilitaka kitambaa chenye tapentaini mara moja, nawe ulinishika mkono. Ulinishika mkono, mdogo wangu, mbele za watu.

Picha iko kwa mama, imegeuziwa ukutani. Sahihi yako kwenye kona sikuigusa. Pale alipokuwa twiga pamebaki baka jeupe. Panataka ukungu, na ukungu wewe unaupatia kuliko mimi. Uje na ile brashi yako bapa.