Kwa Nini Injini Inawaka kwa Choki Tu?

Jenereta, pampu ya maji, mashine ya kukata nyasi: wateja wanapotuletea, maelezo huwa karibu yaleyale. Ilikuwa nzima ilipowekwa stoo. Sasa haiwaki mpaka uvute choki, yaani kile kifungio kinachopunguza hewa inayoingia kwenye injini, na ukiirudisha tu, inazima. Wengi huja wameshaamua kununua kabureta mpya. Tunakuomba usitoe hela hiyo kabla hujajua kabureta inafanya nini, maana mara nyingi haijafa, imeziba.

Ili petroli iungue yote, kila gramu 1 inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Kabureta ndiyo inayopima mchanganyiko huo, na inaupima bila umeme wala kompyuta. Pistoni ikishuka, hewa inaingia kupitia koo la kabureta, ambalo katikati limebanwa. Hapo penye wembamba hewa hukimbia zaidi na kanieneo yake hushuka. Chini kuna bakuli la petroli lenye njia ya kupumulia, kwa hiyo petroli iliyomo inakandamizwa na hewa ya nje kwa nguvu yake ya kawaida. Tofauti kati ya kanieneo hizo mbili ndiyo inayoipandisha petroli kupitia jeti hadi kooni, ikatawanyika kuwa matone madogo. Tumezoea kusema injini inanyonya petroli, lakini kinachoisukuma ni hewa ya nje.

Jeti yenyewe ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo, kwa injini nyingi za aina hii, halifiki hata milimita 1. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Petroli ikilala miezi kadhaa ndani ya bakuli, sehemu zake nyepesi huvukia na kuacha utando wa kahawia unaonata. Petroli yenye ethanoli huvuta pia unyevu, na maji yakitulia chini ya bakuli huleta kutu. Utando ukipunguza tundu la jeti, petroli inapungua wakati hewa inaingia ileile. Ukivuta choki unaizuia hewa, kanieneo kooni inashuka zaidi, na petroli inalazimika kupenya hata kwenye tundu lililoziba nusu. Ndiyo maana injini inawaka. Choki inafidia tu kile ambacho jeti imeshindwa kupitisha, na kuendesha mashine hivyo kila siku si matengenezo.

Injini inayopanda na kushuka mlio yenyewe bila kuguswa, mara nyingi nayo inakosa petroli, au kuna gasketi inayopitisha hewa ya wizi. Moshi mweusi ni kinyume chake: petroli imezidi. Angalia chujio la hewa kwanza, huenda limejaa vumbi tu.

Dalili tunayoomba usiipuuze kabisa ni petroli kudondoka kwenye kabureta. Ndani ya bakuli kuna floti inayoelea na kuinua sindano ili ifunge njia petroli ikitosha. Uchafu ukiizuia sindano kufunga, petroli haikomi kuingia, na katika baadhi ya injini inateremka hadi kwenye oili. Funga koki ya tanki, chomoa kijiti cha oili, unuse. Ikiwa oili inanuka petroli au imepanda kuliko ulivyoijaza, usiiwashe injini: oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma tena.

Kusafisha tunafungua kabureta yote, tunatoa jeti, tunapitisha dawa na upepo kwenye kila kijia, kikiwemo kile chembamba kinacholisha injini inapounguruma taratibu, ambacho wengi hukiruka. Tafadhali usichokonoe jeti kwa waya. Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo, kipimo kimeharibika. Kabureta mpya tunaishauri pale mwili wake umeliwa na kutu, au ekseli ya kijibati cha hewa, kile kinachofunguka kooni unapoongeza mwendo, imelegea kiasi cha kuvujisha hewa.

Ukijua mashine italala zaidi ya mwezi, ipeleke mahali pa wazi, funga koki ya tanki, uiache iungurume mpaka izime yenyewe. Ikishapoa, fungua skrubu ya chini ya bakuli, ukinge petroli iliyobaki kwenye chombo, mbali na moto.